Sumaku za kuchapishwa kwa leza: zinatengenezwaje, na Ngualla inahusikaje?

Kibakwe. Spika ya simu uliyoshika ina sumaku ndogo yenye nguvu kubwa. Za aina hiyo zipo pia kwenye mota za pikipiki nyingi za umeme. Watafiti sasa wanajaribu kuzitengeneza kwa printa ya 3D inayotumia leza. Tanzania ina malighafi yake. Je, tutafika kwenye sumaku, au tutaishia kuuza mawe?

Ni sumaku gani?

Ni sumaku ya neodimiamu. Kwa uzito, karibu theluthi mbili ni chuma, karibu asilimia 30 ni neodimiamu, na boroni ni kama asilimia 1. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na timu mbili, kila moja kivyake: ya Masato Sagawa huko Japani na ya General Motors huko Marekani.

Neodimiamu ni mojawapo ya madini adimu. Jina lisikuchanganye, ardhini hayako machache kihivyo. Kazi ipo kwenye kuyatenganisha, maana yanafanana mno kikemia.

Kiwandani inakuwaje?

Aloi husagwa kuwa unga. Unga hupangwa kwa nguvu ya sumaku ili chembe zote zielekee upande mmoja, hushindiliwa, kisha huchomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Mwisho kipande hukatwa na kusuguliwa, na hapo malighafi ya bei inaishia kuwa vumbi.

Na kwa leza?

1. Printa inatandaza unga, tabaka jembamba kuliko karatasi.
2. Leza inayoongozwa na kompyuta inayeyusha sehemu zinazotakiwa tu.
3. Tabaka jingine linafuata, hadi umbo likamilike.

Yote hufanyika ndani ya chumba chenye gesi ya agoni, kwa sababu unga huu ukikutana na oksijeni huharibika, na unaweza hata kushika moto.

Faida: unapata maumbo magumu na unakata kidogo.

Kasoro: kipande kinapoa haraka mno, hivyo hupata nyufa. Pia chembe hazielekei upande mmoja, ndiyo maana nyingi zilizochapishwa hivi zina karibu nusu tu ya nguvu ya sumaku za kiwandani.

Tanzania tuko wapi?

Madini haya yapo Ngualla, mkoani Songwe. Aprili 2023 Mamba Minerals, ambayo serikali ina hisa asilimia 16, ilipata leseni maalumu ya uchimbaji. Mbia wake, Peak Rare Earths ya Australia, mwaka 2025 alikubali kununuliwa na Shenghe ya China.

Mpango ni kuzalisha makinikia. Neno hilo tunalijua vizuri tangu 2017, serikali ilipozuia makontena ya makinikia ya dhahabu na shaba kusafirishwa nje.

Kutoka makinikia hadi unga wa printa kuna hatua nne:

- kutenganisha madini
- kuyageuza kuwa metali
- kuchanganya aloi
- kutengeneza unga

Sehemu kubwa ya kazi hiyo duniani inafanyika China. Aprili 2025 China ilipoanza kudai vibali kwa baadhi ya madini adimu na sumaku zinazouzwa nje, viwanda vya magari vya nchi nyingine vilihaha.

Kwa nini ujali?

Printa ya leza inanunuliwa dukani. Unga hauna njia ya mkato, na anayeumiliki ndiye anayepanga bei.

Watu wa huku Mpwapwa hawahitaji kuelezwa sana. Rubi ya Winza ilipolipuka mwaka 2008, wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka walikuja mpaka hapa, na mawe yakaondoka nao.

Kwa hiyo ukisikia habari ya Ngualla, usiishie kwenye tani. Uliza: kiwanda cha kutenganisha kitajengwa wapi?