Kibano cha Kerezo cha Taya Tatu

Kibano hiki, ambacho kazi yake ni kukishika kipande cha chuma au shaba katikati barabara huku kerezo likikizungusha mbele ya kisu cha fundi, ni cha ukoo wa vile vilivyoasisiwa na Simon Fairman wa Connecticut, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1840, na kuendelezwa na mkwewe, Austin F. Cushman, ambaye ilipofika 1862 alikuwa akiviuza kwa jina lake mwenyewe.

Hikima yake imo ndani: sahani yenye mfuo uliojizungusha mfano wa kombe la konokono, ambayo ikizungushwa kwa ufunguo huzisukuma taya zote tatu kwa pamoja na kwa kadiri moja.

Atakaye kukitambua na asome kwanza maandishi yaliyogongwa usoni, akijua kwamba tarehe ya hataza si lazima iwe tarehe ya kuundwa. Kisha azitazame nambari 1, 2 na 3 za taya, kwani meno ya kila taya hukatwa kwa kuifuata nafasi yake, na taya iliyoazimwa kutoka kibano kingine hukishusha thamani kupita kutu na mikwaruzo. Ama kukisugua hata king'ae, hiyo ni dhuluma kubwa, maana hufutika maandishi ambayo ndiyo shahada ya asili yake.

Mgeni muhtaramu, kitazame kwa karibu upendavyo, lakini tafadhali usizisogeze taya.