Shamua

Shamua (jina la kisayansi Rupicapra rupicapra) ni mnyama acheuaye wa jamii ya mbuzi na kondoo. Makao yake ni milima ya Ulaya, hasa Alps, na kuelekea mashariki hadi Kaukazi. Ukimtazama utamdhani nusu mbuzi, nusu swala. Aliyewahi kumwona mbuzi mawe juu ya majabali ya Afrika Mashariki atamfananisha naye, lakini hao si ndugu wa karibu: mbuzi mawe ni paa.

Dume huwa na kilo 30 hadi 50. Madume na majike wote wana pembe nyembamba nyeusi, zilizopinda nchani kama ndoana. Pembe husita kukua wakati wa baridi na kuacha pete, hivyo umri hujulikana kwa kuzihesabu. Kwato zina kingo ngumu zinazouma mwamba na nyayo laini zisizoteleza, na ngozi iliyo kati ya vidole hutanuka asizame sana kwenye theluji.

Maisha yake yote huendeshwa na theluji. Kiangazi hupanda juu ya mpaka wa misitu, mara nyingi zaidi ya meta 1,800, akala nyasi na maua mabichi na kujiwekea mafuta mwilini. Baridi ikiingia, wengi hushuka misituni. Wengine hubaki kwenye miteremko mikali ambako theluji haikai. Chakula huwa ni nyasi kavu, magome na majani ya misonobari. Hapo shamua hutembea kidogo, hutulia sana, akila akiba yake. Madume huianza baridi wakiwa wamedhoofika, maana Novemba ni msimu wa kupandana nao hukimbizana usiku na mchana, wakila kidogo mno. Mtoto, kwa kawaida mmoja, huzaliwa Mei au Juni, nyasi zinapochipua.

Mbwa mwitu na linksi humwinda, na tai dhahabu hunyakua watoto. Upele wa utitiri umeua wengi, na upo ugonjwa wa macho unaompofusha, akaanguka gengeni. Adui mgeni ni joto. Shamua akihisi joto huacha kula akatafuta kivuli. Katika sehemu ya Alps za Italia, wadogo wa mwaka mmoja wamepungua uzito kwa takribani robo tangu miaka ya 1980.

Wanaoteleza kwa ski nje ya njia nao humdhuru bila kujua. Shamua aliyeshtuliwa hukimbia ndani ya theluji nzito, na mafuta anayoyachoma hapo hayarudi hadi majira ya kuchipua. Msomaji atakayefika Alps wakati wa baridi tunamwomba afuate njia zilizowekwa alama, na asiingie maeneo yaliyotengwa kwa utulivu wa wanyama.