Steringi Aliyeruka Somo

Ndugu msomaji, usinicheke. Nimeitazama picha ya Drunken Master mara nne, na mara zote nne nilicheka mpaka mjomba, mwenye televisheni yake, akatishia kunitoa nje. Yeye aliijua tangu enzi za mikanda. "Hayo ni masihara tu," anasema. Nami nikamjibu, "Mjomba, hiyo ni historia." Basi tukabishana hadi chakula kikapoa.

Picha ilitoka Hong Kong mwaka 1978, mwongozaji akiwa Yuen Woo-ping. Steringi wake, Wong Fei-hung, si mtu wa kubuni. Alizaliwa 1847 kusini mwa China, akawa mganga na mwalimu wa kung fu. Kuanzia 1949 Kwan Tak-hing alimwigiza katika picha zaidi ya 70: mzee wa heshima, mpole, kila akifungua kinywa ni nasaha. Sasa ghafla watu wanaletewa shujaa yule yule akiwa kijana mtukutu! Anakula hotelini bila senti mfukoni. Anamchokoza binti, kumbe ni binamu yake, na shangazi mtu anamtembezea kichapo. Baba yake anachoka, anamkabidhi kwa mzee mmoja mlevi.

Mjomba anasema huko ni kumvunjia heshima marehemu. Mimi naona kinyume. Katika vitabu nilivyosoma shuleni, shujaa huzaliwa na ndevu zake. Nani alituambia Kinjekitile alipenda michezo gani utotoni?

Lakini kilichonigusa zaidi ni habari za Jackie Chan mwenyewe. Bruce Lee alifariki Julai 1973, na watengenezaji wa picha wakahaha kutafuta mrithi. Lo Wei akamchukua kijana huyu aliyelelewa katika shule ya opera ya Kichina, akampa jina la Sing Lung, yaani "awe joka", kwa kuwa Bruce aliitwa "joka dogo". Mwaka 1976 akamweka katika New Fist of Fury, anune na kulipiza kisasi kama marehemu. Watu hawakuvutiwa. Ikawa hivyo picha baada ya picha, mpaka akaazimwa kwa kampuni ndogo ya Ng See-yuen. Huko ndiko wakamwacha acheke. Bruce akipiga ngumi, uso wake chuma. Huyu akipiga, anapuliza vidole kwa maumivu!

Hapo, bwana, nilinyamaza. Chini ya kitanda changu kuna miswada mitatu ya riwaya za upelelezi. Mpelelezi wangu anavuta sigara, mimi sivuti. Anaendesha gari, mimi hata baiskeli sina. Mchapishaji mmoja aliurudisha wa tatu na maneno mafupi: huyu tunamfahamu tayari. Nilimchukia wiki nzima.

Mwisho wa picha, Wong anapambana na muuaji wa kukodiwa aliyetumwa kumwua baba yake. Mlevi alimfundisha mitindo ya watakatifu wanane wa Kichina, ila wa nane ni mwanamke, Bi Ho, na kijana kwa majivuno yake aliuruka. Sasa saba zote zimekwisha na adui bado yupo wima. Mzee anamwambia autumie wa nane. Kijana anakiri, sikujifunza. Basi tunga wako! Anaanza kunyonga kiuno, anajitazama kwenye kioo kisichokuwapo, anarembua, na kila rembuo lina ngumi ndani yake. Eti hiyo ndiyo silaha!

Mzee mlevi aliigizwa na Yuen Siu-tien, baba mzazi wa mwongozaji. Alifariki mwanzoni mwa 1979, miezi michache tu baada ya picha kutoka. Nilipomweleza mjomba, aliguna, akakaa kimya kidogo.

"Hebu rudisha pale anapojiangalia kwenye kioo," akasema.