Kinanda Ndani ya Buti la Teksi

Abiria wengi waliotua uwanja wa ndege wa Dulles, nje kidogo ya Washington, walipanda teksi ya mzee mmoja Mwethiopia, wakapelekwa hadi mlangoni, wakashushiwa mizigo, wala hawakujua kwamba nyuma kwenye buti mlikuwa na kinanda. Foleni ya teksi ikiwa ndefu, mzee huyo alikitoa kinanda chake kidogo cha betri, akakaa nacho kiti cha nyuma, akafanya mazoezi mpaka zamu yake ifike. Jina lake Hailu Mergia.

Wapo wanaoisikia habari hii wakamwonea huruma. Mimi namwonea fahari.

Hailu alizaliwa mwaka 1946 na muziki akajifunzia jeshini angali kijana mdogo. Miaka ya 1970 alikuwa mpiga ogani wa Walias Band, bendi iliyotumbuiza Hoteli ya Hilton, Addis Ababa. Nyakati hizo zilikuwa ngumu. Wanajeshi wa Derg, waliompindua Haile Selassie mwaka 1974, walikataza watu kutoka nje usiku. Basi aliyeingia dansini alibaki humo humo, na bendi ikapiga hadi alfajiri, muda wa katazo ulipokwisha ndipo watu wakarudi makwao. Vidole vya Hailu vilikomaa kwa kukesha namna hiyo.

Mwaka 1981 Walias walifunga safari ya Marekani kutumbuiza. Baadhi yao wakarudi nyumbani, Hailu akabaki. Sasa mtu wa bendi akikosa bendi atafanyaje?

Jibu lake lilikuja mwaka 1985, katika studio ndogo mjini Washington. Aliingia na akodiani, ala aliyoijua tangu ujana, ile ile ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja hawahitaji kuelezwa. Akaweka na piano ya umeme aina ya Rhodes, sintesaiza za Moog na Yamaha DX7, pamoja na mashine ya mdundo. Alirekodi sauti moja, akarudi mwanzo akaipandia nyingine juu yake, mpaka mtu mmoja akawa bendi nzima. Kanda iliyotoka iliitwa Hailu Mergia and His Classical Instrument: Shemonmuanaye.

Isikilize usiku, kelele zikitulia. Mashine inagonga mdundo bila kuchoka wala kuharakisha, na juu yake akodiani inavuta pumzi kama mtu aliyekaa karibu yako. Nyimbo zenyewe ni za kale za Kiethiopia, za noti tano, ila zimevikwa sauti za umeme. Ninavyosikia mimi, upweke wa mtu aliye mbali na kwao umo humo, na furaha imo pia.

Baadaye Hailu aliacha jukwaa akashika usukani. Kanda ilikuwa karibu kusahaulika, hadi Mmarekani Brian Shimkovitz, mwenye lebo ya Awesome Tapes From Africa, alipoikuta mjini Bahir Dar, kando ya Ziwa Tana. Hakuichukua akanyamaza. Alimtafuta mwenyewe hadi akampata, na mwaka 2013 ikatolewa upya kwa utaratibu wa lebo hiyo wa kugawana faida nusu kwa nusu na msanii. Nasisitiza hilo la nusu kwa nusu, maana wanamuziki wetu wangapi wamezeeka wakisikia nyimbo zao zikiuzwa bila wao kuona hata senti?

Hailu akarudi jukwaani. Mwaka 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, kisha Yene Mircha mwaka 2020.

Kanda za namna hii zimo majumbani mwetu, kwenye droo na maboksi yaliyo chini ya vitanda. Ndugu msomaji, kama unayo, usiitupe. Soma jina lililo kwenye jalada, kisha umtafute mwenyewe angali hai.