Kutoka Bonde la Gikondo hadi Ghuba ya Winam

Maji ya mvua yanayoteremka Gikondo, Kigali, hukusanyika katika kinamasi ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na viwanda. Hutoka hapo yakaingia Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, yakaruka maporomoko ya Rusumo na kumwagika Ziwa Victoria. Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha Kigali mwaka 1907, alikuwa ameshaifuata Nyabarongo kinyume mwaka 1898, akitafuta chemchemi ya Nile. Mtoni, mkondo ndio mwenye amri. Ziwani, amri ni ya upepo na mawimbi.

Gugu maji, mmea wa Amerika Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na Akagera ikazidi kulileta. Kufikia 1998 lilikuwa limetanda kwenye hekta zipatazo 20,000, nyingi zikiwa Ghuba ya Winam, ambako mitumbwi ya Kisumu ilikwama.

Lilisukumwaje hadi huko? Majani yake hushika upepo kama tanga, lakini maji yenyewe nayo husafiri. Mwaka 1847 George Gabriel Stokes wa Cambridge alionyesha kwamba chembe ya maji ndani ya wimbi huzunguka bila kurudi ilipoanzia: ikiwa juu huenda mbele kwa kasi kuliko inavyorudi ikiwa chini. Kila wimbi huiacha mbele kidogo.

Hesabu hiyo ilianzia kwenye mawimbi yanayofanana, na ziwa halina hayo. Mtu angedhani mabadiliko ya kubahatisha hufutana, kubwa likifidia dogo. Hayafutani. Msukumo hufuata mraba wa kimo. Chukua mawimbi ya muda uleule, moja la sentimita 20, jingine la 60: yakipishana, husukuma kwa robo zaidi ya yale ambayo yote yana kimo hichohicho cha wastani, 40. Bahati nasibu yenyewe huongeza mwendo, tena hutawanya: magugu yaliyotoka pamoja hayafiki pamoja.

Ndipo ikaja El Niño ya 1997–98, na gugu likapungua ghafla. Wengine walisifu fukusi, wadudu walao gugu hilo, walioachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Wengine wakataja mawingu na dhoruba. Kwangu mimi, ubishi huo ulitenganisha vinavyokwenda pamoja: mmea uliotobolewa na fukusi haustahimili mawimbi. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, gugu lilirudi Winam.