Kifo cha huruma: Nani anayo haki ya kumpumzisha mgonjwa asiyepona?

MGONJWA anapozidiwa katika vijiji vya Kata ya Dimani, wilayani Kibiti, majirani wanaokuja kumjulia hali huondoka wakitamka maneno yale yale yanayotamkwa pwani nzima: Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Ndani ya dua hiyo fupi mna mambo mawili ambayo hakuna anayeyatenganisha kwa sauti. Wepesi waweza kuwa kupona, na waweza kuwa kufa. Mwombaji amemwachia Mola achague, na aliyelala kitandani husikia na kuitikia amina.

Mjadala wa kifo cha huruma unaanzia pale dua hiyo inapoishia. Je, ikiwa ugonjwa hautibiki, maumivu hayavumiliki na mwenyewe anaomba kwa akili timamu apumzishwe, yupo binadamu mwenye haki ya kumtekelezea ombi hilo?

Kabla ya kulijibu ni vema kuyatenga mambo ambayo mazungumzo ya mitaani huyachanganya. Daktari kumdunga mgonjwa sindano ya kumuua, kwa ombi la mgonjwa, ni jambo moja. Daktari kumwandikia dawa ambayo mgonjwa ataimeza kwa mkono wake mwenyewe ni jambo la pili, na zipo nchi zinazoruhusu hili la pili huku zikilikataza lile la kwanza. Kuacha tiba isiyo na faida tena, au kuzima mashine ya kupumulia, ni jambo la tatu. Na kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu, hata kama daktari anahofu kwamba huenda ikampunguzia siku, ni la nne. Ugomvi mkubwa wa dunia uko katika mawili ya mwanzo. Mawili ya mwisho, kama tutakavyoona, yamekubaliwa hata na wengi wanaoyalaani yale ya mwanzo.

Sheria za Uholanzi na Ubelgiji zilianza kutumika mwaka 2002. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilitangulia: tangu mwaka 1997 mtu mzima ambaye madaktari wawili wamethibitisha kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita anaweza kuandikiwa dawa ya kujimalizia. Canada ilifuata mwaka 2016. Nchini Uingereza, Baraza la Makabwela liliupitisha muswada wa namna hiyo Juni 20, 2025 kwa kura 314 dhidi ya 291, tofauti ndogo inayoonyesha jinsi taifa lile lilivyogawanyika.

Barani Afrika kesi iliyovuma zaidi ilikuwa ya wakili wa Afrika Kusini, Robert Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani ya tezi dume. Aprili 30, 2015 Mahakama Kuu ya Pretoria ilimruhusu asaidiwe na daktari kufa. Amri ilipotolewa, yeye alikuwa amekwishafariki saa chache kabla, kwa ugonjwa wake, na jaji hakujua. Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa iliitengua amri hiyo, na Afrika Kusini ikarudi pale ilipokuwa.

Tanzania haijawahi kuwa na kesi iliyovuma kiasi hicho. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za nchi, hakuna mahali palipoandikwa kifo cha huruma. Hata hivyo sheria haiko kimya. Kifungu cha 203 (namba zinazotumika hapa ni za toleo la mwaka 2002) kinaeleza ni wakati gani mtu huhesabiwa kuwa amesababisha kifo cha mwenzake, na miongoni mwa mazingira yanayotajwa ni pale anapoharakisha, kwa kutenda au kwa kuacha kutenda, kifo cha mtu ambaye tayari alikuwa na ugonjwa au jeraha ambalo lingemuua hata hivyo. Kwa lugha nyepesi, utetezi wa “angekufa tu” haupo. Ridhaa ya marehemu nayo haimwokoi aliyemuua. Ikithibitika kwamba alidhamiria, kosa lake ni la mauaji chini ya kifungu cha 196, na kifungu cha 197 kimeliwekea adhabu moja tu, ya kunyongwa hadi kufa.

Adhabu hiyo haijatekelezwa nchini tangu mwaka 1994. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la wafungwa wa Tanzania waliohukumiwa kunyongwa kwamba kumnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kila mshtakiwa ni kukiuka haki ya kuishi. Hoja hiyo inauhusu mjadala wetu moja kwa moja. Jambazi aliyeua ili apate fedha na mtoto aliyeshindwa kuvumilia kilio cha mama yake wa miezi mingi wanaingia katika kifungu kimoja na kutoka na hukumu moja. Mtu anaweza kukipinga kifo cha huruma kwa nguvu zake zote na bado akaona kwamba hapo pana kasoro.

Anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha kwa kifungu cha 216, na anayejaribu kujiua akaponea chupuchupu anatenda kosa kwa kifungu cha 217. Kenya ilikuwa na sheria kama hiyo ya mwisho, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni yule yule, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kuwa inakwenda kinyume cha Katiba. Kumsaidia mtu kujiua kumebaki kuwa jinai kule kama huku.

Hayo ni ya vitabuni. Katika maisha ya kawaida, Rufiji na Kibiti wanafanya uamuzi wa mwisho wa uhai kila mara, bila jaji na bila mjadala. Ndugu hukaa kikao, daktari huwaeleza kwamba hakuna zaidi la kufanya au kwamba linalowezekana liko Dar es Salaam na gharama zake ni hizi, na mzee mmoja husema: tumrudishe nyumbani. Mgonjwa hupakiwa garini au, kwa watu wa visiwa vya delta, katika boti au mtumbwi unaosubiri maji yajae. Kituo cha ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu kilichoanzishwa Rufiji mwaka 1998, ambacho wahoji wake walikuwa wakipita kwa wafiwa kuuliza marehemu aliugua nini na alifia wapi, kilidhihirisha kwamba vifo vingi hutokea nyumbani, si hospitalini.

Kumrudisha mgonjwa nyumbani si kumuua, na hakuna anayekwenda polisi. Kimaadili, tofauti iko katika nia na katika chanzo cha kifo: ugonjwa ndio unaoua, familia imeacha kushindana nao. Lakini mpaka huo si mnene kama tunavyopenda kuamini. Yupo anayerudishwa nyumbani kwa sababu tiba imefika mwisho, na yupo anayerudishwa kwa sababu fedha ndizo zilizofika mwisho. Wa pili huyu angeweza kupona au kuongezewa miaka, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kufa.

Wakazi wengi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu, na msimamo wa Uislamu katika mambo mawili ya mwanzo uko wazi. Uhai ni amana, mwenye nayo ni Mungu, na kujiua ni haramu. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanakataza hata kutamani mauti kwa sababu ya dhiki iliyompata mtu, aliyezidiwa ameelekezwa aombe aishi iwapo uhai ni heri kwake, na afishwe iwapo mauti ni heri kwake. Hapo ndipo ilipo asili ya ile dua ya wepesi. Kanuni za maadili ya tiba za Kiislamu zilizotolewa Kuwait mwaka 1981 zinakataa kifo cha huruma, lakini papo hapo hazimlazimishi daktari kuurefusha uhai kwa hatua zisizo na tumaini. Mwaka 1986, katika kikao chake cha Amman, Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliruhusu mashine ziondolewe pale ubongo unapokuwa umekufa kabisa na madaktari wamethibitisha kwamba hautarudi.

Kanisa Katoliki limefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Papa Pius wa 12 alieleza mwaka 1957 kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu hata ikihofiwa kumfupishia maisha, ilimradi kinachokusudiwa ni nafuu na si kifo. Tamko la Vatican la mwaka 1980 lililaani kifo cha huruma huku likiruhusu kukataa tiba nzito isiyo na tija. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeukemea utamaduni wa kifo katika waraka wake wa mwaka 1995, alipozidiwa mwaka 2005 alibaki Vatican badala ya kurudishwa Hospitali ya Gemelli. Kwa maneno ya watu wa Kibiti, alibaki nyumbani.

Kwa hiyo shehe na padri wote wawili wanaikubali dawa ya maumivu. Swali linalobaki ni la kidunia kabisa: dawa hiyo iko wapi?

Mofini ya maji, ya kunywa, si dawa ya gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani liliiweka kileleni mwa ngazi yake ya tiba ya maumivu ya saratani mwaka 1986. Nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kwa miaka mingi kitovu cha dawa hiyo, na Hospitali ya Selian mkoani Arusha, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ni miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani kwa huduma ambayo leo tunaiita tiba shufaa. Wagonjwa wengi wa saratani hufika Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwishasambaa. Atokaye Kibiti ana safari ya chini ya kilomita 150 kwa barabara ya Kilwa, na akitoka visiwani aongeze ya majini. Chupa ikiisha, safari hiyo inaanza upya, na mwenye kuumwa si yeye tena anayeweza kuifanya.

Mtu aliye katika hali hiyo akisema “heri nife”, je, ameomba kifo au ameomba maumivu yakome? Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hatuwezi kujua mpaka tumempa dawa. Ombi lililotolewa chini ya mateso yanayozuilika si chaguo huru, na taifa litakalohalalisha sindano ya kufisha kabla ya kufikisha mofini litakuwa limechagua njia ya mkato.

Hata hivyo wanaounga mkono kifo cha huruma wana jibu lisilopaswa kupuuzwa. Taarifa za kila mwaka za Oregon zinaonyesha kwamba sababu zinazotajwa mara nyingi na walioomba dawa ile si maumivu. Wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yaliyoyapa maisha yao ladha, kupoteza heshima. Mofini haimrudishii mtu uwezo wa kwenda chooni mwenyewe. Kwa hao, tiba shufaa iliyo bora kabisa bado inaacha swali lao bila jibu.

Katika orodha ile ile ya Oregon imo sababu nyingine inayotisha zaidi ikihamishiwa kwetu, ya kuogopa kuwa mzigo kwa familia. Tunatoka katika nchi ambayo vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wamewahi kukatwa mapanga kwa kuwa na macho mekundu. Ni nani atakayethibitisha kwamba bibi wa miaka 80, anayelishwa na mkwe aliyechoka, ametia dole gumba katika fomu kwa hiari yake?

Lipo pia suala la neno “asiyepona”. Mwaka 2002 mgonjwa wa UKIMWI aliyekonda hadi mifupa alihesabiwa katika vijiji vyetu kuwa maiti anayepumua. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, na waliokuwa wameagwa wakainuka wakarudi shambani. Kama sheria ya kifo cha huruma ingekuwapo miaka miwili kabla, fomu zao zingekamilika bila tatizo.

Uganda ilikutana na tatizo hilo hilo la umbali. Daktari Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alisambaza mofini ya kunywa iliyochanganywa humo humo nchini, ikitiwa rangi kulingana na ukali wake ili chupa zisichanganywe. Madaktari walikuwa wachache, hivyo mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuiandika. Merriman alifariki Kampala Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 90, akiwa mpinzani wa kifo cha huruma mpaka mwisho.

Zahanati zetu za vijijini zinaendeshwa na watu wa ngazi hiyo hiyo, tabibu na muuguzi. Kumwezesha wa Dimani kunahitaji mafunzo, kibali cha kuandika dawa inayodhibitiwa, kabati lenye kufuli, daftari la kumbukumbu, na chupa nyingine inayoondoka Dar es Salaam kabla ile ya kwanza haijaisha.