Mji Ulio Mwisho wa Njia Mbili

Katika mtaa wa Shangani, mjini Unguja, ipo nyumba kongwe ambayo kila mtoto aliyekulia jirani yake huijua kwa mlango wake kabla hajaijua kwa mwenyewe: mlango mkubwa wa mti uliotiwa nakshi, wa kumdhihirishia mpita njia, hata asiyejua kusoma, kwamba aliyekuwa akiingia na kutoka hapo hakuwa mtu wa kadiri. Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, na ambaye alifariki mjini humo mwaka 1905, baada ya kufanya biashara ya pembe na ya watu kwa miaka mingi, na baada ya kuiandika tarihi ya maisha yake kwa Kiswahili. Niliupita mlango ule mara zisizo hesabu, nikienda chuoni na msahafu kwapani au nikirudi pwani na mchanga miguuni, wala haikunipitikia moyoni kwamba siku moja ningekwenda kusoma elimu ya misitu katika mji ambao bwana huyo aliwahi kuwa liwali wake, katikati ya bara, kwenye ukingo wa mto Kongo.

Mgeni ana njia nyingi za kuujua mji wa watu: ana marafiki, ana soko, ana nyumba ya ibada, ana vitabu. Mimi, kwa ukata wa mwanafunzi asiye na nauli na kwa ubishi wa miguu iliyozoea mchanga wa pwani, nilichagua njia iliyo rahisi kuliko zote, nayo ni kukimbia ndani yake. Nasema kukimbia ndani yake, maana kuukimbia mji ni jambo jingine, nami nitalifikia. Jua la Kisangani, kwa kuwa mji uko nusu digrii tu kaskazini ya mstari wa ikweta, huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili na dakika zake, nami nilikuwa nikitoka bwenini saa kumi na moja u nusu, ukungu ungali umelala juu ya mto, wauza mikate wakianza kupanga vikapu vyao, na watoto waliotumwa maji wakinifuata hatua chache wakipiga kelele, "Futingi! Futingi!", neno walilolirithi kwa Kifaransa na kulifanya lao.

Jina lenyewe la mji lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Kwetu pwani kisanga ni mkasa, jambo la kusimuliwa kwa kushika tama. Lakini katika Kiswahili cha Kongo kisanga ni kisiwa, na hivyo Kisangani ni kisiwani, wala hakuna zaidi. Wenyeji wanalo jina jingine, Boyoma, na Wabelgiji wakauita Stanleyville mpaka mwaka 1966, jina hilo lilipofutwa. Henry Morton Stanley alipita hapo kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1877, akihangaika kuyavuka maporomoko saba ya mto ambayo huteremka kwa umbali wa kilomita 100 hivi, naye alikuwa na wapagazi na askari ambao wengi wao walitoka Unguja. Akarudi Desemba 1883 akipanda mto kutoka upande wa bahari ya Atlantiki, akajenga kituo juu ya kisiwa, akamwacha Mskochi mmoja na askari wachache kukilinda, akaenda zake.

Wakati huo huo watu wa Tippu Tip walikuwa wamekwisha kufika kutoka upande wa pili. Mwaka 1886 pakazuka vita baina yao na kituo kwa sababu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia kwa Wazungu, ambao walikataa kumrudisha, kituo kikateketea. Na mwaka uliofuata, kwa mapatano yaliyotiwa saini Unguja, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye hakuwa na nguvu ya kumwondoa mshindani wake, aliona afadhali amwajiri: Tippu Tip akawa liwali wa Stanley Falls, jina la kituo hicho zama zile, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, akapandisha bendera ya dola aliyokuwa akishindana nayo jana. Katika kazi zote alizowahi kufanya mtu wa Shangani sijui iliyo ya ajabu kuliko hiyo. Mwaka 1890 akaondoka kurudi pwani asirejee tena, akamwachia mahali pake mpwa wake Rashid. Na mwaka 1893 vita vya Wabelgiji na Waarabu vikamwondoa Rashid naye.

Nilikimbia majuma mengi nikitafuta nyumba ya liwali huyo. Nilitazamia, kwa ujinga wa mtu aliyezaliwa kati ya kuta za mawe na chokaa, kwamba ningeona walau msingi, walau baraza iliyobomoka, walau kizingiti. Hapana kitu. Maliwali na wafanyi biashara wa pwani walijenga huko kwa udongo na miti na makuti ya porini, kama wajengavyo watu walio safarini, na mvua ya ikweta, ambayo haina msimu wa kupumzika kwa kweli, iliyayeyusha yote. Tajiri aliyepata mali yake mtoni aliipeleka kuwa mlango Unguja. Kilichobaki kwake Kisangani hakikujengwa: mchele, ambao watu wa pwani waliuingiza katika mashamba ya nchi ile, miembe, ambayo chini yake nilikimbia mashariki na magharibi, na lugha, ambayo kwayo nilimwuliza njia mtu wa kwanza niliyekutana naye, akanijibu, ingawa kwa lafudhi ambayo bibi yangu angeitilia shaka. Yapo pia mambo ambayo hayakubaki, maana waliokamatwa na kupelekwa mbali hawakurudi, na kuwasahau hao kwa kuisifu nakshi ya mlango ingekuwa hiana.

Mji wa kuonekana kwa macho ni wa Wabelgiji, nao waliujenga kama wenye nia ya kukaa milele. Ukianzia ukingoni, penye kanisa kuu la Bibi wa Rozari likiutazama mto, kisha ukapanda kuingia mtaa wa Makiso, utapita nyumba za matofali ya kuchoma zenye mapaa mapana na varanda pande zote, ambazo ni za zamani. Halafu majengo ya saruji ya miaka ya 1950, yenye mapaa bapa, pembe zilizoviringwa kama za meli, na kuta zilizotobolewa matundu mengi kupitisha upepo na kuzuia jua, ambazo mwenye kuzijua roshani za Unguja atazitambua kuwa dada zake wa mbali. Maduka yana vibaraza vyenye nguzo, na mwenye kukimbia wakati wa mvua hushukuru, maana aweza kwenda hatua mia mbili asilowe. Wengi wa waliojenga maduka hayo hawakuwa Wabelgiji bali Wagiriki, Wareno na Wahindi. Na klabu ya Wagiriki, mpaka zama zetu, ilikuwa ingali ikiuza chakula. Posta nayo nilikuwa nikiipita kila siku nikimkumbuka Patrice Lumumba, aliyefika Stanleyville mwaka 1944, akawa karani wa posta kabla ya kuwa waziri mkuu.

Lakini kuna jengo moja la Wabelgiji ambalo halionekani kwa macho, na ni miguu tu iwezayo kulipima. Katika miji ya Kongo ya zama zile ilikuwa desturi mtaa wa Wazungu utengwe na mitaa ya Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu wenye upana wa mamia ya mita, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa homa, walisema, hawezi kuruka umbali huo. Mwenye gari hawezi kuhisi ukanda huo. Mwenye kwenda kwa miguu mchana huona nyumba zilizojengwa humo baadaye, akadhani mji umeungana. Mimi, nikitoka Makiso kwenda Mangobo au Tshopo alfajiri, nilisikia pumzi yangu ikibadilika mahali ambapo majumba yalikoma na miji midogo ya viwanja vilivyobanana ilikuwa haijaanza. Mtu aliyefanya kazi kwa bwana asubuhi na kulala kwake usiku alikuwa akiulipa umbali huo mara mbili kila siku, maisha yake yote, kwa ajili ya mbu.

Siku za Jumapili nilivuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga, ng'ambo ya kushoto, kuitazama stesheni ya reli ya kwenda Ubundu. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyazunguka maporomoko. Na kando yake nilikimbia mpaka pale majani yalipoyafunika mataruma.

Njia niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya kupandia mto, ikimpeleka mkimbiaji kwenye maporomoko ya Wagenia. Humo mna jengo kongwe la mji, ingawa hakuna hata gogo moja ndani yake lenye umri mkubwa. Wagenia, wavuvi wa hapo, huchukua miti minene, huisimika katika mashimo ambayo maji yenyewe yameyachonga mwambani, huiegemeza mitatu mitatu na kuifunga kwa mitambaa-panya na kamba za porini, kisha huning'iniza humo madema makubwa mfano wa pembe, yenye midomo mipana kuelekea mkondo, ili samaki waliozidiwa na nguvu ya maji watupwe ndani wasiweze kutoka. Mafuriko huja, huchukua miti. Wao hukata mingine, huisimika katika mashimo yale yale. Kila ukoo una mahali pake, na mahali hurithiwa. Asubuhi moja nilikaa juu ya jiwe, jasho likinikauka, nikawatazama vijana wawili wakitembea juu ya gogo lenye utelezi, kilindi kikinguruma chini yao, wakichukuana na mti mmoja kama watu wanaohamisha kitanda chumba hadi chumba. Na mzee wao aliyekaa karibu nami, nilipomwuliza kazi hii imekuwapo tangu lini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yameanza lini kulowesha.

Waandishi waliopita hapa kabla yangu walikuwa hodari kuliko mimi, lakini sikuona mmoja aliyekimbia. Joseph Conrad alifika Septemba 1890 kwa merikebu ya moshi, akakaa siku chache, akaondoka na maradhi, akauandika mto huu kuwa njia ya kuingilia gizani. V. S. Naipaul, katika riwaya yake ya mwaka 1979, asiutaje mji kwa jina, alimweka humo mwenye duka aliyetoka pwani ya mashariki, akimfanya ashuhudie kila kitu kikioza. Wote wawili walikuja kwa macho ya watu wa mtoni, na kwa mtu aliyepanda kutoka Atlantiki, kilomita 1,700 na zaidi kutoka Kinshasa, mahali merikebu zinapokwama pana kila dalili ya kuwa mwisho wa dunia. Kwa mtu wa Unguja ni mwisho pia, lakini wa njia nyingine, ya misafara iliyopita Tabora na Ujiji na Nyangwe. Na mtu akifika mwisho wa njia akakuta mwenye nyumba anamkaribisha kwa lugha ya kwao, hawezi kuona giza lile.

Hapa nafikia lile jambo la kuukimbia mji. Kisangani imekimbiwa mara nyingi kuliko miji mingi. Ilikimbiwa mwaka 1964, waasi wa Simba walipoitwaa mwezi wa Agosti, na askari wa miavuli wa Ubelgiji walipoangushwa na ndege za Marekani alfajiri ya tarehe 24 Novemba. Ilikimbiwa tena katika maasi ya mamluki ya 1966 na 1967. Na ilikimbiwa kwa namna mbaya kuliko zote kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yaliyoingia nchini kwa urafiki, yalipopigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji usio wao, yakarusha makombora zaidi ya 6,000 juu ya mitaa ya watu. Mamia ya raia waliuawa. Wakati huo wanunuzi wa almasi walikuwa wamekwisha kuzichora kuta za maduka yao kwa mawe makubwa ya rangi, yenye kumeremeta. Baadhi ya michoro hiyo niliiona ingalipo, imepauka.

Mimi niliyajua hayo kwa kuyasoma. Nilikuwa nikipita kila siku mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyekaanga maandazi chini ya mwembe, kando ya ukuta mrefu uliojaa mabaka, na kila siku nilimsalimu nikienda mbio, naye akinipungia mkono. Siku moja aliniita.

"Mutoto," akasema, "unakimbia nini? Nani anakufukuza?"

"Hakuna, mama. Nafanya mazoezi tu."

Akageuza andazi, akangoja liive upande wa pili.

"Huku kwetu mutu akikimbia asubuhi, wengine wanatoka nyumbani wanauliza. Sisi tulikimbiaka mingi. Ukifika hapa kwangu, tembea."

Tangu siku hiyo, kila nilipoukaribia mwembe ule, nilipunguza mwendo, nikatembea kama mtu aendaye dukani, nikanunua maandazi mawili, nikayala nimesimama. Na katika kusimama huko niliutazama ule ukuta kwa mara ya kwanza. Mabaka yake, ambayo kwa miezi minne niliyahesabu kuwa ukoga wa mvua, yalikuwa ya saruji, yamepakwa kwa mkono, kila moja duara, lenye upana wa sinia.